Jibu la Dada Yangu

Kitenge kipya kikikunjuliwa dukani, harufu yake ya wanga hunirudisha kwetu, upande wa Kabambare, enzi za Wabelgiji.

Karani wa pamba alitaka kumwoa dada yangu mkubwa, niliyemwita Yaya. Shangazi wa karani alileta vitenge viwili, akaketi na baba barazani. Dada alikuwa nyuma ya nyumba akitwanga sombe, majani ya muhogo, nami nikatumwa kwenda kumwuliza.

"Waambie nimesikia," alisema, bila kuacha kutwanga.

Kwetu, "nimesikia" lilikuwa jibu la heshima la mtu ambaye bado anafikiri. Kila mtoto alijua hivyo, hata mimi. Lakini karani alikuwa na baiskeli, nami nilitaka shemeji mwenye baiskeli.

"Yaya anasema amekubali," nikawaambia.

"Eeh! Huyu mutoto iko na kinywa cha sukari!" Shangazi akacheka, akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja.

Baba akamwita dada mbele ya wote. "Mama, ni kweli umekubali?"

Dada akanitazama. Mikono yake ilikuwa bado na kijani cha sombe. Alijua kwamba akikana, nitakuwa mwongo mbele ya wageni, na alijua fimbo ya baba.

"Ndiyo, baba," akasema.

Akaenda kuolewa huko Wamaza. Kila nilipomtembelea alinipikia vizuri, akaniuliza habari za shule, baadaye za watoto wangu. Hakuniuliza kamwe kwa nini nilibadilisha neno lake, nami sikumwomba radhi hata siku moja, mpaka tukamzika.