Aliniacha kwa Sababu ya Picha Iliyogeuka

Mwenye ukurasa, ficha jina langu na la kijiji, maana wajukuu wa pale wanakusoma. Mimi ni mwanamke wa miaka sabini na sita. Naishi Tabora tangu nilipoachika, lakini kwetu ni bondeni, kati ya Kilosa na Mikumi.

Wakati wa vijiji vya ujamaa tuliambiwa tuhame. Jioni moja afisa wa ardhi alikuja na jenereta na projekta, akatundika shuka uwanjani atuonyeshe viwanja kwa slaidi. Wanaume walikaa mbele. Sisi wanawake, kwa heshima ya kwetu, tulikaa nyuma ya shuka, tukitazama picha kwa upande wa pili.

Slaidi ilijaa namba na maandishi madogo. Katikati ulipita mto, ng'ambo moja imepakwa nyekundu. "Penye nyekundu msijenge," afisa alisema. "Mafuriko hufika." Kesho yake wanaume walikuwa wamepangiwa kazi ya shamba la kijiji; wa kufyeka viwanja tungekuwa sisi wanawake.

Nilikuwa nimemaliza shule ya kati. Nikaona neno MTO kwetu linasomeka OTM. Nikawaambia wenzangu: "Jamani, picha kwetu imegeuka. Nyekundu ni ng'ambo ile nyingine."

"Mwenzetu na kisomo chake!" jirani yangu alisema. "Picha ingegeuka, si mto ungemwagika?" Wakacheka, wakaendelea kugawana viwanja palepale pa mafuriko.

Nikainuka, nikazunguka shuka. Kivuli changu kiliziba ramani yote, wanaume wakaguna.

"Shikamooni, wazee. Bwana afisa, wanawake wanaiona kinyume. Kesho watafyeka penye maji."

"Mama, ramani hii imepimwa kitaalamu."

"Vipimo sivikatai. Tuchoree msikiti wetu wa kando ya mto, kila mtu ajue yuko upande gani. Kisha igeuze na sisi tuone."

Mume wangu alisimama. "We! Rudi ulikotoka!"

"Nitarudi akishaigeuza."

Afisa akaichomoa slaidi, akachora kimsikiti kwa wino, akairudisha imegeuzwa. Nyuma ya shuka nikasikia, "Lo! Kumbe ni kule!"

Asubuhi mume wangu aliniita mbele ya wazee. Alisema mimi ni mwanamke asiye na haya, nimembishia hadharani, akanipa talaka. Binti yetu alikuwa ameanza kutambaa, alibaki kwa baba yake. Nikaenda kwa kaka yangu Tabora. Masika mto ulivunja kingo upande ule mwekundu. Hapakuwa na nyumba hata moja iliyojengwa huko. Hayo nilisimuliwa.

Sasa binti amenipigia simu: baba yake ni mgonjwa, mke aliyemuoa baadaye amefariki, anaomba nirudi. Nikazungumza na huyo baba mwenyewe.

"Njoo tumalizie uzee pamoja," alisema. "Yaliyopita si ndwele."

"Na lile neno la 'asiye na haya' ulilonitamkia mbele ya wazee?"

"Neno gani? Mimi nimeshasahau."

Nimemwambia nitarudi akilifuta mbele ya watu, kama alivyolitamka. Binti analia: "Mama, unataka kumdhalilisha mgonjwa?" Wazee waliolisikia wamebaki wawili, nao hawana siku nyingi. Wakiondoka, atalifuta mbele ya nani?

Nauli ninayo, na kwetu nakutamani mno. Niende hivihivi, nikaitwe mke na mwanamke asiye na haya kwa pamoja? Au nimsubiri aseme, huku mauti nayo yakitusubiri sote? Nishaurini wanangu, nifanye nini?