Mafurungu ya Bibi na Vipuli Vyangu

Bibi yangu, mzaa mama, alivaa mafurungu ya fedha miguu yote miwili tangu alipoolewa. Yalikuwa mapana, yenye uwazi ndani uliotiwa vijiwe, kwa hiyo kila alipopiga hatua yalilia. Nyumbani kwetu Wawi hakuna aliyeuliza kama bibi ameamka. Tulimsikia akienda kisimani kutia udhu, tukajua na usingizi wetu umekwisha.

Mafurungu yale mama yake aliyapata kwa sonara kwa kutoa kikuku kimoja cha dhahabu, na bibi hakuchoka kusema kwamba aliyefaidika ni mama yake. Wakati wao fedha ndiyo iliyokuwa pambo la mwanamke anayejiweza. Dhahabu ilikuwa kipini cha puani, basi.

Nilipoposwa, miaka mingi baada ya Mapinduzi, mambo yalikuwa yamegeuka. Waliokwenda Uarabuni walirudi na mikufu, na siku ya kumtoa nje bibi harusi, fungate ikiisha, wanawake walitazama shingo kwanza, uso baadaye. Mimi nilitaka mkufu. Nilisema waziwazi, kisha nikanuna kadiri mwari anavyoruhusiwa kununa.

Bibi akasema fedha yake itatosha. Ikiwa kikuku kimoja kilileta mafurungu mawili, mafurungu mawili yatakirudisha kikuku, na kikuku kikifuliwa upya ni mkufu. Mama alimkataza mpaka akachoka. Bibi akajipaka sabuni na mafuta ya nazi, tukavuta kwa zamu hadi yakatoka. Ngozi iliyokuwa chini yake ilikuwa laini kama ya mtoto, na nikaona vibaya kuitazama.

Sonara wa Chake Chake alikuwa mtu mpole. Alieleza kwamba vijiwe havipimwi, akayakata mafurungu na kuvimwaga mezani, kisha akaweka fedha tupu kwenye mizani. Dhahabu iliyolingana na thamani yake ilikuwa vipuli viwili, tena vidogo.

"Bibi, dhahabu imekwenda juu," alisema. "Fedha imebaki nyuma."

"Miaka yote n'meyavaa miye," bibi akamjibu. "Sijayaona yakipungua."

Hakubishana zaidi, maana yalikuwa yamekwisha kukatwa. Aliomba kitu kimoja tu, apewe vijiwe vyake, akavifunga kwenye pindo la kanga.

Njia nzima nilikuwa na hasira na sonara, na mizani, na dhahabu yenyewe iliyojipandia bila kutuambia. Bibi alitangulia, na sikusikia kitu. Tangu kesho yake mama akawa anamwita kila alfajiri kumuuliza kama ameamka, na bibi akaudhika kwa kuulizwa kama mgonjwa.

Siku ya kutolewa nje nilikaa kitini na vipuli vyangu, macho nimeyafumba kama desturi inavyotaka. Wanawake walipita kunitazama, na udi ukanijaa kooni. Nilikuwa namngoja bibi. Katika harusi zote za mtaani nilimjua kabla hajafika mlangoni, na siku hiyo, ya kwangu, miguu ilipita mingi na wake sikuusikia. Nilidhani hakuja. Nilidhani amebaki nyumbani kwa kuona haya ya miguu mitupu mbele za watu. Machozi yakanitoka, na shangazi mmoja akasema, tena kwa kuridhika, kwamba mwari huyu kalelewa.

Ndipo kitu kikakwaruza karibu na sikio langu. Vilikuwa vijiwe, vimefungwa kwenye kitambaa, vinatikiswa. Havikulia kama zamani, kwa sababu sauti ile ilikuwa ya fedha, lakini nilifumbua macho.

"N'shakuja," bibi akaninong'oneza. "Fumba macho, wanakutizama."