Nani Amemwambia Komando "Kula"?

Jamani, leo mbwa wangu amekula bila mimi kumpa amri.

Msicheke kwanza.

Bodaboda ilimvunja Komando mguu hapa Bwera, na daktari wa mifugo akakataza kukimbia kabisa. Mbwa aliyezoea kuzurura Mpondwe kutwa! Analia kama mtoto.

Basi namchezesha ndani. Naficha kipande cha samaki kwenye nguo, anatafuta kwa pua, pole pole, anafurahi.

Lakini marehemu kaka yangu, afande, alimfundisha kijeshi. Akipata chakula anakaa, anangoja mtu aseme "Kula!" Bila amri hiyo hagusi, hata awe na njaa gani.

Leo mchana nguo zote ziko kwenye maji. Nikachukua koti la kaka, nikaficha samaki mfukoni, nikaliweka chini mlangoni.

Komando akapata samaki. Akakaa.

Hakuniangalia mimi. Akaangalia juu, mlangoni, pale kichwa cha kaka kilipokuwa kinafika. Mkia ukacheza.

Akala.

Mama akapiga kelele kutoka jikoni: "Wewe Masika! Hiyo 'Kula' umeisema kama kaka yako kabisa!"

Mimi nilikuwa sijafungua mdomo.

Koti bado liko pale chini. Nani anakuja kuliokota?