Nilidhani nampandia Bibi kisamvu, kumbe nimeotesha bangi juu ya paa letu Ibra

Wakuu, salaam aleikum, na shikamoo kwa walionizidi umri, yaani karibu nyote.

Mie ni msomaji wa kimya humu. Mwaka wa pili nasoma nyuzi zenu na sijawahi kuandika hata neno. Huwa naandika kwenye daftari langu tu. Haya nimeyatoa humo, na yote yametokea. Majina ndiyo nimebadilisha.

Wiki iliyopita mtu aliuliza humu vipi mtu asiyejua kilimo na asiye na pesa anaweza kuotesha bangi nyumbani. Mkamcheka. Mie sikucheka.

Kwa sababu mie nilishaiotesha. Bila ya kununua kitu, bila ya kujua kulima, na bila ya kujua kuwa ni yenyewe.

Nina miaka kumi na saba, msichana, darasa la kumi na moja. Tunakaa Ibra, Oman. Kwa wasiojua, huku kuna familia nyingi zilizotoka Zanzibar na yetu ni mojawapo. Nyumbani tunasema Kiswahili na Kiarabu vimechanganyika kama mchele na dengu. Mkiona ngeli zangu zimepinda nisameheni, Bibi mwenyewe amechoka kunisahihisha.

Baba na Mama wanafanya kazi Nizwa, huja Alkhamisi. Bibi amekataa kuhama Ibra, kwa hiyo siku za wiki tunabaki naye sisi wawili, mie na kaka yangu Khalfan.

Khalfan ana miaka ishirini. Aliomba jeshi, akafanya interview, akapimwa, ikabaki simu tu ya kumwambia aende. Hiyo simu aliingoja miezi. Akienda chooni anaingia nayo. Kilichobaki kilikuwa kuangaliwa jina lake kama ni safi.

Hilo jina safi mlishike, kwani hofu yote ya uzi huu iko hapo.

Khalfan alikuwa anafuga njiwa juu ya paa. Chakula chao alinunua sokoni siku ya Ijumaa, cha gunia, mbegu mchanganyiko, gunia halina hata maandishi.

Sasa Bibi.

Bibi ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Anaona mwanga na vivuli. Na kila ikikaribia Ramadhani anataka kisamvu. Huku kinakuja kimeganda, kwenye mifuko ya plastiki. Yeye anakula huku analalamika.

"Hiki si kisamvu, hii ni picha ya kisamvu," anasema. "Kwetu unafungua mlango wa uani, unachuma. Majani kama vidole vya mkono."

Mie nilikariri hayo maneno. Vidole vya mkono.

Wakuu, msinicheke. Mie nimezaliwa huku. Kisamvu nakijua kikiwa kimeshapondwa, kijani, kigumu kama tofali. Jani lenyewe la muhogo sijawahi kuliona maishani mwangu.

Basi mwanzo wa baridi nikapanda juu kuwapa njiwa maji. Nyuma ya banda, pale maji ya AC yanapodondoka, nikaona mche umeota kwenye ufa. Majani yake vidole. Nikaweka mkono wangu pembeni nikalinganisha. Nikasema subhanallah, muhogo!

Nilijiuliza umefikaje. Nikakumbuka Bibi akimenya muhogo huwa ananipa maganda niwarushie njiwa. Nikajijibu mwenyewe: ganda limeota. Nikaridhika kabisa.

Nikauhamisha kwenye kopo kubwa la samli, nikauacha nyuma ya banda, pembe ambayo Khalfan hafiki. Nikaupa maji ya AC. Nikamuomba jirani samadi ya mbuzi wake. Sikutoa hata baisa moja na ulikua kama umelipiwa. Kufika mwezi kabla ya Ramadhani ulikuwa unanifika kifuani.

Sikumwambia mtu. Nilitaka siku moja nimuwekee Bibi majani mapajani aseme haya sasa ndiyo yenyewe. Mie ni mtu wa kujificha, darasani naitwa "hamsa", yaani mnong'ono. Nilikuwa sina kitu chochote cha kumuonyesha mtu. Huu mche ulikuwa wangu.

Jirani mwenyewe tumwite Ami Nasser. Ni polisi mstaafu, paa lake limepakana na letu. Siku moja akiwa anaanika tende aliniona namwagilia.

"Mo hadha, binti?" Nini hicho.

Nikamjibu "khudra", mboga, nikashuka ngazi mbio kama kawaida yangu. Sikumkimbia kwa kuwa nina kosa, nilimkimbia kwa kuwa ni mtu.

Halafu nikafanya ujinga. Mche ulipendeza sana asubuhi moja, nikaupiga picha nikaweka status: "Kisamvu cha Bibi, karibuni futari." Mke wa Ami Nasser akajibu: "Mashallah, tutakuja kuonja."

Nilifurahi siku mbili nzima.

Siku ya tatu, Jumatatu, tulikuwa likizo. Asubuhi nikachuma majani nusu beseni nikashuka nayo jikoni. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka anasubiri nimkunie nazi. Nikampa shikamoo ya pili ya siku, nikamwekea beseni mapajani.

"Bibi, nadhani leo utanipenda."

Akaingiza mkono. Akatabasamu. Halafu vidole vikasimama.

Akachukua jani moja, akapitisha kidole gumba pembeni yake taratibu. Akalifikicha. Akalinusa.

"Nani kakupa?"

"Nimepanda mwenyewe. Muhogo. Umeota juu kwa njiwa, kutoka kwenye maganda yako."

Bibi akacheka. "Muhogo uote kwa ganda? Ewe mtoto wa friza! Muhogo unakata kijiti cha mti wake, unakichomeka. Haupandwi ganda wala mbegu." Kisha kicheko kikakatika. "Na jani la muhogo pembeni ni laini kama pindo la kanga. Hili lina meno. Tena linanata."

Nikaligusa na mie.

"Kwetu alikuweko mkwezi, akitukwelea minazi. Akishuka nguo zake zinanuka hivi hivi, mama akitufukuza uani tusimkaribie."

"Ananuka nini, Bibi?"

"Bangi, mjukuu wangu."

Wakuu, sijui nieleze vipi. Cha kwanza nilichofikiria si polisi, ni ile status. Ilishajifuta yenyewe, lakini ilitazamwa na watu thelathini na wawili. Walimu wawili wamo. Mke wa polisi mstaafu yumo.

Khalfan akaingia jikoni anatafuta mkate. Bibi akamwambia kwa sentensi moja. Yeye akaangalia beseni, akaniangalia mie, akakaa chini palepale sakafuni.

"Unataka kuniua?"

"Wallahi sikujua."

"Njiwa wangu. Gunia langu. Jina langu. Nani ataamini habari za kisamvu? Nani?" Akainuka. "Nipe mfuko mweusi. Nautupa wadini, kule bonde kavu, khalas."

Nikaenda kuchukua mfuko, nisiwadanganye. Ningempa hata kumi.

Bibi akasema, "Khalfan, kaa."

"Bibi, wewe hujui nchi hii ilivyo kwa mambo haya."

"Nimekaa nchi hii kabla hujazaliwa wewe na njiwa wako. Sasa hivi ni mche ulioota nyumbani kwa watu wajinga. Ukishautia kwenye mfuko ukaufungia garini, ni mzigo wako. Ukisimamishwa njiani utasema unampelekea nani? Bibi yako kipofu?"

Akaomba simu, akampigia Baba. Nilisikia Baba alivyonyamaza. Sijawahi kusikia kimya kama kile, kilikuwa kirefu mpaka nikadhani imekatika.

"Msiguse kitu," akasema. "Naja."

Alipofika Izki, njiani, alipiga tena kuuliza kama kuna mtu amekuja. Tukamwambia hakuna.

Tulipokata tu, kengele ya mlango ikalia.

Alikuwa Ami Nasser. Nilimuona kwenye tundu la mlango, ameshika kikapu cha ndimu, amevaa kofia yake nyeupe. Nyuma yangu Khalfan ananong'ona, "Mwambie tumelala. Usimwambie kitu, usimwambie!" Ana machozi. Kaka yangu mkubwa, sijawahi kumuona analia.

Bibi akasema kutoka jikoni, "Wewe ndiye uliyeupanda. Mwambie wewe."

Nikafungua.

Mie ambaye siwezi kuomba ruhusa ya kwenda msalani darasani nilisema yote, kwa Kiarabu, bila kuvuta pumzi. Ufa, maji ya AC, maganda, vidole, meno. Nikamwambia si kosa la Khalfan, yeye hajui hata kama kuna kopo. Nikamwambia kama kuna wa kuchukuliwa ni mie.

Hakuniambia pole. Aliweka ndimu chini. Akasema nimpeleke.

Juu ya paa alisimama mbele ya kopo la samli mikono nyuma, hakugusa. Akainama kwenye gunia la njiwa. Akazitazama mbegu moja moja.

Halafu akasema, "Picha niliiona tangu Jumamosi, mama watoto alinionyesha. Siku mbili nangoja mtu wa nyumba hii agonge mlango wangu. Hakugonga mtu. Nikasema leo naenda na ndimu. Wakinidanganya, kesho napiga simu."

Nikashika banda la njiwa.

Fikirini. Mfuko mweusi ulikuwa tayari mezani.

Baba alipofika walikaa sebuleni na Ami Nasser, kisha wakapiga simu polisi wao wenyewe. Walikuja wawili. Wakapiga picha, wakachukua mche na kopo lake, beseni, gunia lote. Wakaniuliza maswali mbele ya Baba na mmoja akaandika. Mikono yangu niliikalia.

Yule kijana aliyekuwa akiandika akauliza, "Kisamvu ni kitu gani?"

Sote tukatazamana. Bibi akainuka akipapasa ukuta, akaenda kwenye friza, akarudi na mfuko umeganda. Akampa mkononi.

"Shika. Hiki. Kupika kwake unatia nazi, na usikifunike kwanza."

Nadhani kuna faili la serikali huku mkoani kwetu Sharqiyah lenye maelezo ya kisamvu cha nazi.

Hapo sote tulicheka, isipokuwa Khalfan.

Baada ya hapo zikaja wiki ambazo kwenye daftari langu zina mstari mmoja mmoja tu. "Leo hakuna simu." "Leo gari jeupe limesimama nje, alikuwa mtu wa gesi." Ramadhani iliingia tukafuturu kimya. Khalfan hakunisemesha. Aliwafungulia njiwa wote akawafukuza, jioni wakawa wamesharudi, wamejipanga ukutani wanamtazama. Akaingia ndani akafunga mlango.

Nilimpelekea chai kila siku baada ya tarawehe nikaiacha mlangoni. Kikombe kilirudi kitupu. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Kwanza Baba aliitwa kituoni. Akaambiwa maelezo yetu yote yamelingana, Ami Nasser ameyatilia saini yake, na kwenye gunia la njiwa zimekutwa mbegu za bangi. Hatuna kesi. Baba alirudi akalala saa tano mfululizo mchana.

Ile simu ya jeshi ilikuja baada ya Idi. Khalfan alikuwa anakaanga mayai. Nikasikia "aywa, aywa, hadhir", yaani ndiyo, ndiyo, niko tayari, kisha mayai yakaanza kuungua na hakuna mtu anayeyageuza. Nikakimbilia jikoni. Alikuwa amesimama na mwiko.

"Nimechukuliwa," akasema. Ndiyo neno lake la kwanza kwangu tangu siku ile. Kisha: "Njiwa unabaki nao wewe. Na chakula chao kichemshe, hamsa. Kila mbegu."

Ninachemsha. Wallahi kila mbegu.

Bibi ameshafanyiwa operesheni ya jicho moja. Binamu ya Baba alitoka Sur akamletea kijiti cha muhogo kutoka shamba lake, kimefungwa kwenye gazeti lenye maji. Bibi alikichomeka mwenyewe kwenye kopo jipya, akanishika mkono akanipitisha kidole kwenye jani la kwanza lilipotoka. Ni laini kweli.

Juzi nilikuwa namwagilia, Ami Nasser yuko paani kwake.

"Mo hadha, binti?"

Nikasikia miguu inataka ngazi. Nikabaki.

"Muhogo, ami. Njoo uguse."

Akaja mpaka ukutani, akanyoosha mkono, akapitisha kidole gumba. Akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye tende zake.

Kwa yule aliyeuliza jinsi ya kuotesha: mie sina la kukufundisha, ila najua kimya cha baba kwenye simu kina urefu gani, na sitaki ukijue. Nililojifunza mie ni dogo. Kitu usichokijua usikifiche, kipeleke kwa anayekijua mapema, hata kama sauti yako ni ndogo. Ningemuuliza Bibi ule mche ukiwa na majani mawili, angenicheka tu na yakaisha.

Sasa nyie, hasa mliokulia mbali kama mie: ni kitu gani cha kwenu mlikijua kwa jina miaka yote bila kukiona? Andikeni, nitajibu hata kama polepole.

Na mwenye muhogo, majani ya chini ya wangu yanageuka manjano. Ni maji mengi, au nini? Bibi anasema nisiogope. Mie naogopa.