Hotuba Yangu ya Kimarathi Mbele ya Mashine ya Mpunga

Aibu yangu ina mashahidi wengi, karibu nusu ya soko la Kasongo, kwa hiyo afadhali niisimulie mwenyewe kabla hamjaipata ikiwa imetiwa chumvi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ugonjwa wangu ni lugha. Kizimba, lugha ya Mama, nimekinyonya, Kibangubangu nilipewa na shangazi zangu wa Kabambare, Kifaransa nilichapwa fimbo hadi kikaingia. Kisha nikapata kwa padre mmoja kitabu kikuukuu cha Kisanskriti, nikakipenda hadi nikaanza kutafuta lugha ya leo inayofanana nacho, ili niwe na watu wa kuzungumza nao. Kihindi, Kibengali, Kimarathi: nikazipima wiki tatu kwenye simu, nikachagua Kimarathi, maana kinatumia herufi zilezile nilizokwisha kuzitolea jasho, na maneno mengi ya kale kimeyatunza. (Watu walisema vitabu vimenigeuza kichwa. Mama peke yake alinitetea.)

Mwaka uliofuata mashine ya kukoboa mpunga ya chama cha akina mama ikafa, akaitwa fundi mmoja Mhindi anayekaa Kindu. Kwetu mgeni wa heshima husalimiwa kwa lugha ya mama yake, basi Mama akatangaza soko zima kwamba binti yake ndiye atakayemsalimia. Sikuuliza fundi kwao ni wapi. Mimi, ninayevuka lugha tatu kutoka hapa hadi Kabambare, niliamini lugha yangu moja itawatosha Wahindi wote.

Siku alipofika nikasimama mbele ya mashine na kitenge kipya, nikatoa hotuba niliyoikariri siku nne, na kwa kuwa fundi alikuwa anatabasamu, nikanogewa, nikairefusha. Nilipomaliza akaniambia kwa Kiswahili safi kuliko changu:

"Samahani, Mwalimu, sijaelewa hata neno moja. Sisi wa kusini tunasema Kitamil."

Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Mimi niliogopa kumtazama Mama, maana aibu ile ilikuwa yake kuliko yangu. Akainuka polepole, akawageukia wote.

"Mutoto yangu amekosea mutu, hakukosea luga. Nani hapa anaweza kukosea vile?"

Nami, pamoja na aibu yangu yote, nilijisikia fahari ambayo cheti chochote hakijanipa.

Tangu hapo nimeapa: mgeni namuuliza kwao kwanza, ndipo nifungue kinywa. Kimarathi naendelea nacho.