Jogoo wa Kukombolea Miguu ya Pikipiki

Jumamosi, mwisho wa Julai. Ukungu ulikawia hapa Ruponda mpaka saa tatu, halafu upepo mkavu ukaanza kuangusha maua ya mikorosho.

Leo nimekwenda Ruangwa kwa mtani wangu, fundi pikipiki, nimemfunga jogoo nyuma kwenye keria. Naandika hasira haijapoa, kwa hiyo huenda namwonea mtu. Nitajitahidi kusema na ya upande wake.

Pikipiki ni ya marehemu baba. Aliinunua kabla sijazaliwa, akaenda nayo shambani na kanisani mpaka magoti yalipomkatalia. Rimu zake zilikuwa za spoku. Kila Jumamosi nilizisugua kwa majivu, na hapo ndipo nilipojifunza kuhesabu: thelathini na sita mbele, thelathini na sita nyuma. Shule ilikuja baadaye, tena sikukaa sana. Mguu wa kulia wa shokapu za mbele ulikuwa na kovu. Tulianguka Nambilanje, baba akailaza pikipiki upande wa mawe ili mimi niangukie kwenye mchanga.

Siku ya matanga mtani alikuja. Mimi Mmwera, yeye Myao, na watani wana ruhusa yao msibani. Alipofika tu akasema, "Nyie Wamwera, mbona mnalia kama mmefiwa?" Hata mama alicheka. Halafu akatoa spana kwenye mfuko wa kanzu, akafungua matairi yote mawili na shokapu za mbele, pikipiki akaiacha juu ya matofali.

"Mwenyewe amelala, nayo ilale," akasema. "Baada ya arobaini njoo na jogoo, ukomboe."

Watu walishika mbavu. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu hospitali.

Juma lililofuata alileta matairi na shokapu za bodaboda iliyochakaa, akazifunga mwenyewe ili nisiende kwa miguu. Hilo lazima niliandike. Nilimshukuru, nikampa na karanga.

Misa ya arobaini ilikuwa Jumatano. Ndiyo maana leo nimekwenda.

Katikati ya gereji yake palisimama pikipiki ambayo sijawahi kuona mfano wake: kiti kimoja, nyuma imeinuliwa, mbele imeinama kama ng'ombe anayekunywa maji. Spoku zilipakwa rangi ya dhahabu. Nilihesabu, sijui kwa nini. Thelathini na sita. Shokapu zilikuwa zimekatwa kwa grenda na kuchomelewa upya, fupi. Nilipapasa mguu wa kulia kutafuta kovu. Limesagwa, pamekuwa laini kama chupa.

"Mtani, nimekuja kukomboa," nikasema.

"Kukomboa nini tena? Si nilikuletea nyingine, na leo umekuja nazo? Tumebadilishana."

"Hatukubadilishana. Ulichukua kwa utani."

"Na wewe ulicheka," akasema. "Msiba mzima ulikuona."

Ni kweli, nilicheka. Labda alidhani yamekwisha, maana akaanza kunionyesha kazi yake kwa furaha. Mwenye mali ni mtu wa madini, akasema, alimwagiza amtengenezee tangu Ramadhani. "Nilihangaika, mtani! Rimu za zamani zilizonyooka hazipatikani."

Ramadhani baba alikuwa hai. Alikuwa kitandani, na mtani alikuja kumtazama. Alipotoka ndani alichutama muda mrefu karibu na pikipiki, akiwa ametugeuzia mgongo. Nilidhani anaficha machozi.

Fundi hutembea na spana, sikatai. Na huenda siku ile alilia kweli. Lakini kitu cha utani hakikatwi. Unakishika, mnatukanana kidogo, unapokea jogoo wako, unakirudisha kizima. Hayo aliyajua kuliko mimi.

Nikageuza pikipiki.

"Basi niachie jogoo wangu!" aliita. "Ingawa amekonda kama aliyemleta!"

Gereji nzima ikaangua kicheko. Maneno yenyewe yalichekesha, na uso wangu ulitaka kucheka. Niliuma midomo nisicheke mpaka nikapita Nkowe.

Mama alinikuta uani namfungua jogoo.

"Amemkataa?"

"Nimekataa mimi kumpa." Nikamweleza yote, na ya matairi aliyotuletea pia.

Mama aliitazama pikipiki, matairi yale ya watu. "Ndiyo kusema hatuna mtani tena? Mimi nikifa nani atakuja kuwachekesha?"

Nilimaliza kumfungua jogoo.

Nikamuuliza mama kama tumchinje. Akasema mwache, bado si wetu. Tumekula ugali na mbaazi.