Moshi Chumbani kwa Zuwena

Wengine wakisimulia mambo kama haya huanza kwa kuapa. Mimi siapi. Yalinikuta mchana, baada ya sala ya alasiri, ndani ya nyumba yetu hapa Ibra, Omani, nami ni mzima, sina homa wala usingizi. Ukitaka kuniamini niamini, usipotaka basi. Lakini nisikilize mpaka mwisho, huenda siku moja yakakufaa.

Nilikuwa na mdogo wangu, Zuwena. Tulizaliwa Unguja, mama akaja nasi huku tukiwa wadogo. Katika miaka ya tisini Zuwena aliolewa Birkat al Mauz, kule chini ya mlima, na mwaka haukwisha akashikwa na homa kali. Mimi ndiye niliyekwenda kumuuguza. Alikata roho alfajiri, mkono wangu uko chini ya kichwa chake. Nilimwosha mimi pamoja na mawifi zake, nikamvisha sanda. Huku maiti hawekwi, na kutoka Ibra ni mbali. Mama alipofika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Hakumwona mwanawe.

Hilo ndilo lililoharibu kila kitu.

Tuliporudi nyumbani, jirani mmoja alikuja kutupa pole, mwanamke ambaye wazee wake hawakupata kwenda Afrika. Akamwinamia mama, akamwambia kwa Kiarabu kwamba msichana mbichi namna ile hafi hivi hivi. Huyo ni mughayyab, alisema. Huku wengi wanalijua neno hilo. Maana yake ni mtu aliyefichwa. Wanasema wachawi humchukua mtu akiwa hai, wakaacha mfano wake tu, ndio mnaouzika, na yeye mwenyewe wakamtumikisha mbali mpaka akasahau kwao. Na wanasema wako waliorudi.

Mama alilishika neno lile kama mtu anayezama aliyepewa kamba. Alikwenda mpaka mji wa Adam, kwa mzee aliyesifiwa kwa mambo hayo, akarudi na sharti moja: asimlilie Zuwena. Machozi, aliambiwa, humfungia njia aliyefichwa.

Basi hakulia. Wewe umepata kumwona mama aliyefiwa na mtoto asilie? Akitembea taratibu, akisema taratibu, kama aliyebeba maji kichwani. Kila Alhamisi alizitoa nguo za Zuwena kabatini, akazifukiza udi, akazikunja, akazirudisha. "Akija azikute zinanukia," alikuwa akisema. Nilimwambia tena na tena, "Mama, nimemwosha mimi." Naye akinijibu kwa upole, "Uliosha mfano wake, mwanangu."

Sasa nije kwenye picha. Nilikuwa nafundisha sanaa skuli ya wasichana, na mume wangu, aliyefanya kazi Maskati na kuja mwisho wa wiki, alininunulia kamera, zile za filamu. Nikasoma katika jarida moja kwamba moshi unaweza kupigwa picha nyumbani bila mitambo yoyote. Nikataka kujaribu, niwaonyeshe wanafunzi. Haya, na nikwambie kweli, nilitaka pia kitu cha kunisahaulisha.

Chumba cha Zuwena ndicho kilichokuwa na giza kuliko vyote, mapazia yake mazito. Nikatundika buibui langu jeusi ukutani. Mbele yake nikaweka stuli, juu ya stuli chetezo chenye makaa na udi. Ubavuni nikaweka taa ya kusomea, nikaikinga kwa kipande cha boksi ili mwanga uguse moshi tu, usiguse ukuta. Kamera niliiegemeza juu ya rundo la vitabu. Nikafunga madirisha, nikazima feni, maana upepo kidogo tu moshi unavurugika. Usipouchokoza unapanda umenyooka kama uzi, halafu huko juu unajifungua, unajikunja, unakuwa kama kitambaa cha hariri. Nilipiga picha kadhaa. Nilifurahi, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Nimeweka jicho kwenye kamera, nikasikia, "Dada, mbona umezima feni na joto lote hili?"

Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Moshi utayumba. Ngoja kidogo."

"Haya," akasema.

Nikabonyeza kamera. Ndipo nilipokumbuka kwamba mwenye sauti ile nimemzika.

Niliinua kichwa. Zuwena alikuwa amekaa pembeni ya kitanda chake, upande wa pili wa moshi, mikono mapajani, nywele zimelowa. Udi ulikuwa unawaka pale pale, lakini chumba kizima kilinuka karafuu maiti, ile niliyomtia mwenyewe. Utaniuliza, uliogopa? Sikuogopa. Nilimwonea huruma. Uso wake ulikuwa umechoka, uso wa mtu aliyesimamishwa mlangoni muda mrefu bila kukaribishwa.

"Dada," akasema, "wewe si uliniosha?"

"Nilikuosha."

"Basi mwambie mama nimekufa. Mwambie anililie, nipumzike."

Nikasema, na sijui nilipata wapi sauti, "Mwambie mwenyewe, yuko jikoni."

Akatikisa kichwa. "Nimeshamwendea. Yeye anamtazamia aliye hai. Mimi hanioni."

Nilinyoosha mkono nimshike. Moshi ukakatika, ukayumba, na uliporudi kunyooka hapakuwa na mtu. Shuka ya kitanda haikuwa hata na mkunjo.

Sasa niambie, wewe ungefanyaje? Ungenyamaza? Nilitumwa, nami nikaona sina budi kuufikisha ujumbe. Nilikwenda jikoni nikamkuta mama anapeta mchele.

"Mama, nimemwona Zuwena."

Ungo ukasimama mikononi mwake. "Wapi?"

"Chumbani kwake. Kasema nikwambie amekufa, mama. Kasema umlilie, apumzike."

"Kasema?"

"Kasema, kama ninavyosema nawe."

Mama akaweka ungo chini. Uso wake ulifunguka, akatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililoniogopesha kuliko yote niliyoyaona siku ile. "Mwanangu," akasema, "aliyekufa hasemi. Anayesema yu hai. Hao waliomchukua ndio waliomfundisha maneno hayo, ili tumkatie tamaa."

Nililia mimi, nikamshika miguu. Akanipangusa machozi haraka haraka kwa ncha ya kanga yake, asije akayaona aliyefichwa.

Filamu niliipeleka studio ya Mhindi sokoni. Picha zilitoka safi, na zote ni moshi tu, hata ile niliyoipiga huku akinisemesha. Lakini mama alimwona Zuwena katika kila moja: hapa shingo yake, hapa mtandio wake. Akawa ananiomba nipige tena, na nikapiga, miezi na miezi, chumba kile kile, saa ile ile. Hakuja tena. Mama alikufa baada ya miaka michache, macho makavu, anatazama mlangoni.

Na mimi je? Siku hizi nikiamka alfajiri huitazama mikono yangu. Nilimwosha nani kule Birkat al Mauz? Najua ni Zuwena. Najua. Lakini neno la jirani yule halijapata kunitoka, na nadhani nitakufa nalo.

Kwa hiyo nakuusia, wewe unayenisikiliza. Ukienda msibani, sema pole, kaa, ondoka. Usimwambie mfiwa kwamba maiti wake hakufa, hata kama unamhurumia, hata kama umeona kwa macho yako. Hutaweza kulirudisha neno hilo.

Mwaka uliopita mama mmoja wa mtaa wetu alifiwa na mwanawe wa kiume kwa ajali ya gari njia ya Sur, na watu wakaanza kunong'ona yale yale. Nikaenda kwake. Nikamsimulia kisa hiki chote, mwanzo mpaka mwisho, kama nilivyokusimulia wewe, ili ajue njia hiyo inafikisha wapi. Alinisikiliza, kichwa kainamisha. Nilipomaliza nikadhani amenielewa.

Akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bibi, udi huo ulikuwa wa aina gani?"